Pumzi

Jioni ya tarehe 17 Januari 2013, katika jumba la Metropolitan Opera mjini New York, mwimbaji kijana wa Kizulu aliyekuwa akionekana pale kwa mara ya kwanza alijikwaa kwenye ngazi alipokuwa akiingia jukwaani. Wahenga wetu walisema kujikwaa si kuanguka. Pretty Yende alijikwaa na akaanguka kweli, mbele ya hadhira nzima. Alikuwa amepata kama wiki moja tu ya kujifunza kumwimba Adèle katika opera ya Rossini iitwayo Le Comte Ory, kwa sababu aliyepangiwa alikuwa mgonjwa. Mwenzake jukwaani alikuwa Juan Diego Flórez, mmoja wa matena, waimbaji wa sauti ya tatu, walio wakubwa katika zama hizi. Akainuka, akaimba, na usiku ule ukawa wake.

Wengi wanaposimulia kisa hiki husifu ujasiri. Nami nausifu, lakini kinachonishangaza zaidi ni pumzi. Aliyewahi kuanguka anajua kuwa kitu cha kwanza kumtoka mtu ni pumzi: kifua hubana, moyo hupiga ovyo, magoti hutetemeka. Na katika uimbaji ule pumzi ndiyo mali yote. Jumba lile lina viti vipatavyo 3,800 na mwimbaji haimbi kwa kipaza sauti. Kati yake na mtu wa kiti cha nyuma kabisa kuna okestra nzima ya zeze, tarumbeta na ngoma, naye hana cha kuivukia ila hewa iliyomo kifuani mwake. Msichana ameanguka, ameona haya, muziki haumngoji, na bado hewa ile ikatoka kwa mpangilio kama alivyofundishwa. Hiyo ni kazi ya mikono ya walimu na miaka ya mazoezi.

Nasema hivi kwa kuwa nimeimba kwaya, sauti ya tatu, tangu ujana wangu. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutulaza chali kwenye sakafu ya ukumbi wa parokia na kumwekea kila mmoja kitabu cha nyimbo tumboni. Tulitakiwa kukipandisha kwa kuvuta hewa, kisha kukishusha polepole huku yeye akihesabu kwa sauti. Aliyefika ishirini na kitabu bado kinashuka alipongezwa. Aliyeshusha kwa mara moja alianza upya. Hatukuimba hata noti moja kwa karibu mwezi mzima, na wapo waliokata tamaa wakaenda timu ya mpira.

Leo najua alichokuwa akitufundisha. Chini ya mapafu kuna kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mtu asiyefundishwa anapotoa sauti huachia hewa yote itoke kama maji ya ndoo iliyopinduliwa. Mwimbaji huizuia. Huziacha mbavu zimepanuka, akaitoa hewa kidogo kidogo, kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye shingo nyembamba ya kibatari bila kumwaga tone. Hewa hiyo hupita kwenye nyuzi mbili ndogo za sauti, na soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu kabisa, anapofika ile noti waimbaji wanayoiita do ya juu, nyuzi hizo hugongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Okestra nguvu zake nyingi ziko kwenye milio ya chini. Matena na mabesi hufundishwa kuunda koo ili sauti yao iwe na mng'ao karibu na mitikisiko 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imenyamaza kidogo, wakapenya hapo kama mwanga kwenye ufa wa mlango. Soprano anapopanda juu hufanya vingine: hufungua taya na kulinganisha uwazi wa kinywa na noti yenyewe, mpaka kinywa kikaitika kama mtungi unaopulizwa mdomoni. Ndiyo maana kule juu kabisa maneno hupotea na irabu zote hufanana.

Pretty alikuwa na miaka 16, yuko nyumbani Thandukukhanya, mtaa wa Waafrika pembeni mwa mji mdogo wa Piet Retief nchini Afrika Kusini, lilipopita kwenye televisheni tangazo la shirika la ndege la British Airways. Nyuma ya picha waliimba wanawake wawili, kipande kutoka Lakmé ya Delibes. Kesho yake akamwuliza mwalimu wake ni kitu gani kile, na kama binadamu wa kawaida anaweza kukifanya. Mwalimu akamwambia kinaitwa opera. Yeye alikuwa akiota kuwa mhasibu. Akaenda South African College of Music, chuo kilichoanzishwa 1910 ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Cape Town, akafundishwa na Virginia Davids, ambaye mwenyewe ni soprano. Kutoka hapo akaenda Milano, kwenye shule ya jumba la La Scala, na mwaka 2011 akashika nafasi ya kwanza kwa wanawake katika Operalia, mashindano ya kimataifa ya waimbaji wa opera.

Hakuwa peke yake aliyeacha njia nyingine. Pumeza Matshikiza, Mwafrika Kusini mwenzake, alianza chuo kikuu hichohicho akisomea ukadiriaji majenzi, akahamia muziki, kisha akaenda Royal College of Music mjini London. Mwaka 2014 aliimba katika ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Golda Schultz alisomea uandishi wa habari kwanza, kisha uimbaji Cape Town, halafu katika shule ya muziki ya Juilliard mjini New York. Yeye ndiye aliyeimba usiku wa mwisho wa tamasha la muziki la Proms mjini London mwaka 2020, wakati wa korona, ndani ya Royal Albert Hall isiyo na hadhira. Nimefikiria sana usiku ule: jumba la kubeba watu zaidi ya 5,000, viti vitupu, na mtu amesimama akitoa kila alichofundishwa kana kwamba wote wapo. Naye Levy Sekgapane, mwimbaji wa sauti ya tena wa chuo hicho cha Cape Town pia, aliishinda Operalia upande wa wanaume mwaka 2017.

Watu huuliza mbona wametoka wengi hivyo mahali pamoja. Jibu langu ni kwaya. Kule, kama kwetu, wamisionari walileta nota za solfa, zile do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi ubaoni bila mistari wala alama za Kizungu, na watu wakazifanya zao. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mtunzi wa nyimbo za kwaya, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 katika mazingira hayo, na sisi Watanzania tunasimama wima kila siku kwa wimbo wa taifa wenye sauti aliyoitunga. Mashindano ya kwaya za Afrika Kusini huwa na vipande vya watunzi wa Ulaya kama Verdi na Handel pamoja na nyimbo za Kixhosa na Kizulu, vikiimbwa na wauguzi, walimu na wafanyakazi wa migodini. Mtoto hukua akisikia aria, nyimbo za opera za mwimbaji mmoja, kwenye basi la kurudi kutoka mashindanoni.

Na kuna walioimba mlango ukiwa umefungwa. Kundi la Eoan, lililoanzishwa 1933 katika mtaa wa District Six mjini Cape Town, lilikuwa la watu ambao serikali ya ubaguzi iliwaita machotara. Mwaka 1956 waliimba opera nzima ya La traviata, kwa Kitaliano, katika ukumbi wa jiji. Hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Walifanya kazi zao mchana, jioni wakaja mazoezini. Muongo mmoja baadaye mtaa wao ukatangazwa kuwa wa Wazungu, nyumba zikabomolewa. Joseph Gabriels, mwimbaji wa sauti ya tena aliyetoka katika kundi hilo, alilazimika kwenda ng'ambo kutafuta jukwaa, na mwaka 1971 aliimba Metropolitan, jukwaa lilelile. Kila ninaposoma habari za tuzo za vijana hawa wa leo nawaona wale wa Eoan wamesimama nyuma yao, jasho la kazi ya mchana halijakauka.

Nina dhana yangu nyingine, ya mtu apendaye lugha. Lugha zetu za Kibantu hupenda kumaliza silabi kwa irabu, na irabu zenyewe ni safi: a ni a, o ni o. Kitaliano nacho hupenda hivyo. Mzulu anayejifunza kuimba nyimbo za Mtaliano Bellini hahitaji kung'oa mdomo wake na kupanda mwingine. Mswahili naye hangehitaji.

Tarehe 6 Mei 2023 Pretty Yende, amevaa gauni la manjano, aliimba Westminster Abbey siku ya kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu, wimbo mpya wa Sarah Class. Niliwaonyesha vijana wa kwaya yetu, ninaowafundisha sasa, video ya wimbo huo kwenye simu, tumebanana saba kwenye benchi moja. Walisikiliza kimya. Ulipoisha, binti mmoja wa sauti ya kwanza akauliza, "Mwalimu, huyu dada anavuta pumzi saa ngapi?"

Tukairudisha nyuma. Tukairudisha tena, kioo cha simu karibu na macho, tukitazama mabega, shingo, mdomo. Hatukuiona.