Nani Amewatuma Wafu Hawa? Wasomaji na Riwaya ya World War Z

Sisi walimu wa fasihi tuna mazoea ya kumwuliza mwanafunzi dhamira za kitabu, ujumbe wake na msimamo wa mwandishi. Ni nadra kumwuliza kitabu kimemfanya nini yeye mwenyewe: alikasirika wapi, alichoka wapi, alibishana na nani. Hali hii inashangaza, kwani nadharia ya upokezi tunaifundisha kila mwaka. Tunamtaja Hans Robert Jauss na mhadhara wake wa mwaka 1967 kule Konstanz, tunaeleza kwamba kila msomaji hukijia kitabu na upeo wake wa matarajio, kisha mtihani ukifika tunataka darasa zima liwe na upeo mmoja, ule wa mwongozo unaouzwa vibandani.

Makala haya yanatazama jinsi wasomaji walivyoipokea riwaya ambayo baadhi ya wenzangu wataona haistahili kurasa za jarida la idara. Ni World War Z ya Mmarekani Max Brooks, iliyotoka mwaka 2006. Baadhi ya wanafunzi wetu hapa Uganda wameisoma bila kulazimishwa na mtu, jambo lisiloweza kusemwa juu ya vitabu vyote vilivyomo katika silabasi.

Kisa chenyewe ni hiki. Ugonjwa unazuka China. Anayeumwa na mgonjwa hufa, kisha huinuka na kuwauma wengine, na kwa muda mfupi dunia nzima inakaribia kuangamia. Riwaya haina mhusika mkuu. Baada ya vita kwisha, mhoji mmoja anazunguka nchi mbalimbali akikusanya ushuhuda wa walionusurika: daktari, askari, mfanyabiashara, mtunza bustani kipofu wa Japani. Umbo hili Brooks alilichukua kwa Studs Terkel, ambaye mwaka 1984 alitoa kitabu cha kumbukumbu za watu wa kawaida juu ya Vita Kuu ya Pili.

Umbo hilo ndilo lililowapendeza wengi, na ndilo lililozaa lalamiko kubwa la kwanza: kwamba mashahidi wote wana ulimi mmoja. Mchina, Mrusi, Mhindi na Mmarekani wote wanasema Kiingereza kilekile chenye mizaha ileile ya kijeshi. Nionavyo mimi, lalamiko hili ni la haki, na halifutwi kwa kusema kwamba mhoji ni mmoja na huenda ndiye aliyenyoosha maneno yao. Ithibati imo katika toleo la kusikiliza la mwaka 2007, ambalo lilisomwa na waigizaji wengi, miongoni mwao Alan Alda na Mark Hamill. Wapo wasomaji wanaoshikilia kwamba toleo hilo linakipita kitabu chenyewe. Kwa nini sauti za kukodi zikiboreshe kitabu kama sauti zilikuwamo tayari? Mwanafunzi wa isimujamii anajua kwamba mtu hasemi lugha tu. Husema lahaja yake, kazi yake, umri wake na hofu yake. Shaaban Robert na mvuvi wa Kilwa, hata wakisimulia tufani ileile, hatutawachanganya.

Malalamiko juu ya filamu ya mwaka 2013 nitayapita haraka. Filamu ilimweka Brad Pitt katikati na kuwafanya wafu wakimbie, ilhali kitabuni wanakokota miguu. Wapenzi wa riwaya walisema kilichobaki ni jina tu. Walikuwa na haki, lakini hapo palikuwa na hoja moja tu, nayo ilirudiwa mno.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa Marekani walilipita kimya, na ambalo wanafunzi niliowapa sura chache walisimama nalo papo hapo. Ugonjwa ulianza China, lakini ulipojulikana hadharani kwa mara ya kwanza Afrika Kusini, ulimwengu uliupa jina la kichaa cha mbwa cha Kiafrika. Kwa msomaji wa mbali hiyo ni kejeli ndogo ya mwandishi. Kwa msomaji wa Uganda si ndogo. Virusi vya West Nile vina jina la eneo letu la kaskazini-magharibi, kwa kuwa vilitambuliwa huko mwaka 1937. Zika ni msitu ulioko karibu na Entebbe, na virusi vya jina hilo vilipatikana humo mwaka 1947 katika damu ya nyani. Mwaka 2007 aina mpya ya Ebola iliyozuka magharibi mwa nchi ilipewa jina la wilaya ya Bundibugyo. Mwanafunzi mmoja wa kutoka upande huo aliandika pembezoni mwa karatasi yake kwamba mtu akisikia jina la kwao sehemu nyingine za dunia, humsikia kwanza mgonjwa. Sidhani mhakiki yeyote wa New York angeweza kuiona sentensi hiyo ya riwaya kwa macho hayo. Na Brooks, kwa sifa yake, ameiandika akijua anachofanya: jina la uongo ndilo linalowafanya watu wanunue dawa ya uongo. Mfanyabiashara Breckinridge Scott anauza chanjo ya kichaa cha mbwa, anatajirika, kisha anajificha Antaktika. Chanjo yake haizuii chochote isipokuwa kichaa cha mbwa cha kawaida.

Sura ya Afrika Kusini yenyewe iligawa wasomaji vibaya zaidi. Paul Redeker, aliyewahi kuisaidia serikali ya ubaguzi wa rangi kupanga namna ya kuwaokoa Wazungu endapo Waafrika wangeasi, anatoa mpango wa kuokoa taifa: wachache wahamishiwe mahali salama, na wengine waachwe nyuma makusudi ili wafu wawafuate wao. Mzee mmoja, ambaye wasomaji humtambua kuwa ni Nelson Mandela, anaukubali mpango huo na kumkumbatia aliyeutunga. Wapo waliosifu ujasiri wa sura hii. Wengine walikasirika kuona jina kubwa kama hilo likitumiwa kuusafisha mpango uliozaliwa na ubaguzi. Mimi niko pamoja na waliokasirika, ingawa nakiri kwamba sura nyingine zote hazikunikera hata kidogo, na kitabu kisichokera hakibishaniwi.

Swali lililonifikirisha kuliko yote, hata hivyo, halikuhusu kurasa hizo. Lilitoka kwa wanafunzi wanaoyafahamu masimulizi ya Tanzania juu ya msukule: nani amewatuma? Katika imani hiyo, msukule ni mtu anayedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe mchawi amemchukua, amemficha, na usiku anamtumikisha shambani. Msukule ana mwenyewe. Ndiyo maana wanafunzi hawa walisoma kurasa nyingi wakimsubiri mwenye wafu ajitokeze, na asipojitokeza wakaona mwandishi amesahau.

Ingekuwa rahisi kusema wamekosea. Lakini historia ya neno lenyewe inawaunga mkono. Wataalamu wengi wanalihusisha neno zombi na lugha za Kongo na Angola, hasa Kikongo. Lilivuka bahari pamoja na watumwa hadi Haiti, na huko zombi alikuwa maiti mwenye bwana, mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa uhuru. Sinema ya George Romero ya mwaka 1968 ndiyo iliyomwondoa bwana na kubakiza njaa. Brooks ni mrithi wa Romero. Basi msomaji anayeuliza wafu hawa ni wa nani anauliza swali la zamani zaidi kuliko riwaya anayoisoma. Nilipowarudisha kwa Breckinridge Scott na serikali zilizonyamaza zikijua, mmoja alisema kwamba hao ndio wenye misukule, ila tu hawalimi. Tafsiri hiyo sijaiona kwa mhakiki mwingine, na maandishi ya riwaya yanaibeba bila shida.

Wenzangu wa kozi ya tafsiri wana kazi hapa. Tukiifasiri riwaya hii kwa Kiswahili, neno msukule litaeleweka mara moja kwa Watanzania, lakini litaleta mchawi ambaye Brooks hakumwandika. Tukisema mzuka, tutapoteza mwili, na hapa mwili unaooza ndio kisa chote. Zombi ni neno linalofahamika kwa vijana na halimwiti mchawi, ila msomaji asiyeijua sinema ya Romero ataliona tupu. Darasa langu lilipiga kura, na zombi likashinda kwa kura mbili. Walioshindwa bado hawajakubali.