Tamaa Katika Sala ya Mkristo

Neno tamaa lina nyuso mbili katika Kiswahili cha mwambao. Mwenye tamaa hulaumiwa; aliyekata tamaa huhurumiwa. Kwa uso wa kwanza tamaa ni uchu usioshiba. Kwa uso wa pili ni tegemeo ambalo likikatika moyo huanguka. Mahubiri yasikiwayo Tanga, Muheza na Pangani aghalabu hushika uso wa kwanza peke yake: muumini huagizwa aue tamaa zake kwanza, ndipo asali. Nadai katika makala haya kuwa agizo hilo halina msingi katika Kiswahili cha Maandiko yenyewe, tena lina madhara.

Maandiko hayo yana historia yake katika pwani hii. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyefariki Zanzibar mwaka 1882, alifasiri Agano Jipya kwa Kiunguja. Misheni yake ilikuwa na kituo Magila, katika nchi ya Bonde, na Kiswahili chake kikawa lugha ya ibada huko. Mombasa ilikuwa na tafsiri zake, mpaka Biblia ya mwaka 1952 ilipoleta maneno ya pande mbili katika kitabu kimoja. Wafasiri wote hao walikuta lugha iliyokwisha kulelewa na Uislamu. Sala, dua, rehema, neema na baraka yalikuwa maneno ya ibada kabla ya kengele ya kanisa kulia Bonde, na tamaa ilikuwa miongoni mwa maneno waliyoyarithi.

Walilitumiaje? Katika Biblia ya 1952, Mathayo sura ya 5, kutamani ni dhambi ya mtu amtazamaye mwanamke kwa nia mbaya. Katika Luka sura ya 22, anayetamani ni Yesu mwenyewe: atamani kuila Pasaka pamoja na wanafunzi wake kabla ya mateso. Katika Wafilipi sura ya 1, Paulo atamani kwenda kukaa na Kristo. Kigiriki nacho kina shina moja mahali pote patatu. Wafasiri wangaliweza kumwachia mwenye dhambi kutamani na kumpa Bwana kutaka. Hawakufanya hivyo, nami naona walifanya vyema, kwa maana msomaji hufundishwa kwamba nguvu ile ile impotezayo mtu ndiyo impelekayo karamuni. Imani huigeuza njia, haiizimi.

Atauliza mtu: je, Yakobo hakuwalaumu waombao ili wavitumie vitu kwa tamaa zao? Aliwalaumu, katika sura ya 4. Lakini hapo hapo aliwalaumu kwanza wale wasioomba kabisa. Kosa alilolionyesha ni matumizi ya kipawa, wala si kuwa na haja.

Sala ya Bwana nayo huipanga haja mahali pake. Jina, ufalme na mapenzi ya Mungu hutangulia. Mkate hufuata, na haukuondolewa. Asaliye hivyo kila siku huzoezwa polepole kutaka mkate ndani ya ufalme. Gethsemane mpangilio ni mwingine: Yesu aliomba kwanza kikombe kiondolewe, ndipo akaridhia. Ridhaa yake ina uzito kwa sababu ombi lilisemwa. Tukiondoa ombi, ridhaa hubaki desturi ya midomo.

Hapa ndipo penye madhara niliyoyataja. Mama aketiye hospitalini karibu na mtoto mgonjwa, akiambiwa aseme mapenzi ya Mungu yatendeke kabla hajasema mtoto apone, hufundishwa kumficha Mungu jambo ambalo Mungu alijua tangu mwanzo. Sala yake huwa ya adabu lakini haina ukweli. Na mtoto akifa, huzuni yake haina pa kusemea, maana hakuwahi kuruhusiwa kutaka.

Wanafunzi wetu wasomapo mashairi na tenzi za dini za Wakristo, aghalabu hupima ucha Mungu wa mtunzi kwa wingi wa maneno ya kujikana. Kipimo hicho ni kibovu. Yafaa waulize mtunzi ataka nini, amethubutu kukitaja, na kimegeuka vipi mpaka ubeti wa mwisho. Mtunzi asiyetaka kitu hana ombi, na shairi lake la sala ni salamu tu.