Karakana Juu ya Magurudumu Mawili

Katika ua mmoja mjini Katesh, chini ya Mlima Hanang, fremu ya tela imelazwa juu ya matofali manne. Magurudumu bado. Fundi amechuchumaa kando yake, futi mkononi, chaki nyuma ya sikio. Anapima mshazari wa kwanza, anaandika sakafuni. Anapima wa pili, anaandika. Vipimo vimepishana milimita 4. Anagonga kona moja kwa nyundo, mara mbili, kisha anapima upya. Mishazari ikilingana, kona zote nne zimekaa sawa, na hapo ndipo anapochukua kofia ya kuchomelea.

Tela hii inajengwa kwa ajili ya mashamba ya ngano ya upande wa Basotu, ambako plau ikivunjika katikati ya shamba hakuna nguzo ya umeme karibu. Kuileta plau mjini ni kupoteza siku nzima, na mvua haimsubiri mtu. Basi karakana ndiyo itakayoifuata plau.

Hachomelei kona moja mpaka mwisho. Kwanza anashikiza kila kona kwa nukta ndogo, halafu anahama: akichomelea mbele kushoto, inayofuata ni nyuma kulia. Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hujikunja, na anayeng'ang'ania upande mmoja huishia na fremu iliyopinda. Kwa hiyo anazunguka tela yake kama mtu anayetandika mkeka, akivuta kila pembe kidogo kidogo.

Ekseli ya gari kuukuu inafuata, na springi zake. Hapa anakaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mzigo ukielemea nyuma, tela itayumba barabarani na kuliyumbisha gari linaloivuta. Ukielemea mbele mno, litabonyea nyuma. Kanuni anayoifuata ni kwamba mkono wa kuvutia ubebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Amepima kila kifaa kwa mizani ya mazao, akajumlisha ukutani kwa chaki: kilo 500 pamoja na tela yenyewe. Anavipanga vyote mahali pake, anaweka mizani chini ya mkono wa kuvutia. Kilo 46. Anaisogeza jenereta mbele shubiri moja. Kilo 56. Anatia alama kwenye fremu na kutoboa matundu ya bolti.

Jenereta ni ya petroli, ya kVA 6.5. Rodi ya milimita 3.2 huhitaji ampea kama 130, na mashine ya kuchomelea hupoteza sehemu ya umeme inaoupokea, kwa hiyo jenereta ndogo zaidi ingekohoa kila rodi inapogusa chuma. Chini yake anaweka vipande vya mpira wa tairi kuukuu ili mtikisiko usilegeze nati. Bomba la moshi analielekeza nje, mbali na mahali atakaposimama. Dumu la petroli linapata kisanduku chake mbele kabisa; cheche zitakuwa nyuma.

Huko nyuma anafunga jiliwa, kwenye ubao mnene uliovikwa bati, kimo cha kiuno chake. Nyaya za kuchomelea anazizungusha kwenye rimu mbili zilizochomelewa ubavuni. Mitungi ya gesi inasimama wima, imefungwa kwa mnyororo juu na chini. Mtungi wa asetilini haulazwi, kwa sababu gesi yake imeyeyushwa ndani ya asetoni, na ukilazwa asetoni hutoka pamoja na gesi. Rodi za 7018 zinaingia kwenye kipande cha bomba chenye kifuniko cha kukaza, kwa kuwa unyevu ukiingia kwenye ganda la rodi, baadaye huzaa ufa ndani ya kiungo ambacho kwa nje kinang'aa. Mwisho anafunga kizima moto, ndoo ya mchanga na dumu la maji upande ambao mkono wake wa kushoto hufika bila kutazama.

Siku ya tatu tunakwenda shambani. Plau imepasuka kwenye boriti, karibu na kiungo cha trekta. Kwanza fundi anafyeka majani makavu pande zote na kuimwagia ardhi maji. Anachomoa waya wa betri ya trekta. Kibanio cha kurudisha umeme anakibana karibu kabisa na ufa, baada ya kusugua rangi yote, ili umeme usipitie kwenye beringi na kuziunguza.

Kisha anaufuata ufa kwa grinda mpaka mwisho wake, akichonga mfereji wenye umbo la V. Anaipasha boriti moto kwa gesi. Rodi ya kwanza inawaka, na sauti yake ni ile ya uji wa vitumbua ukimiminwa kwenye mafuta moto: mfululizo, bila kukatika. Akimaliza mstari, anagonga gamba, anapiga brashi ya waya, anainama kukagua. Kuna kitundu kimoja kama kichwa cha pini. Mimi nisingekiona. Yeye anakisaga chote na kurudia. Mistari mitatu inalala mmoja juu ya mwingine, mawimbi yake yamepangana kama ukili. Halafu anaifunika boriti kwa majivu makavu ipoe polepole.

Dereva wa trekta amekwisha panda kitini. "Fundi, tuwashe?"

"Bado, mdogo wangu. Moto wa majani hujificha."

Anazungusha nyaya kwenye rimu zake, anarudisha nyundo, brashi na grinda kila kimoja mahali pake, kisha anakaa juu ya ndoo ya mchanga akiyatazama majani. Kuchomelea kulichukua dakika 20. Kutazama majani kulichukua 30.