Tablo tatu, ukuta mmoja wa saloni

Tablo ya saloni huchorwa kwa ajili ya mtu aliyeketi. Mgeni akibisha hodi nyumbani mjini Baraka, katika eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, hupewa kiti, kisha husubiri: mwenye nyumba anaitwa, chai inatafutwa, na macho hayana pa kwenda ila ukutani. Kwa hiyo kuchagua picha kwa kufuata rangi ya pazia naona ni kuudharau ukuta. Cha kuulizwa kwanza ni umbo la picha litamfanyia nini huyo anayesubiri.

Wachoraji wa Katanga, kusini mwa Kongo, walilijua hilo. Watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, walipochunguza uchoraji wa Lubumbashi na miji ya migodi miaka ya 1970, walikuta tablo za nyumbani, nyingi zikiwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga, zikirudia mada ambazo kila mteja alizijua kwa jina. Kurudia huko si uvivu. Hadithi ikishajulikana, kinachobaki kupimwa ni mpangilio.

Katika tablo ya Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki ameketi ukingoni mwa maji na anakutazama wewe. Mwili umewekwa mbele kabisa, na maji nyuma yake ni buluu tupu isiyo na kina, kwa hiyo jicho halipati njia ya kumkwepa. Uzuri wake una nguvu, lakini ni nguvu ya mara moja: akishakutazama, amemaliza.

Tablo ya Colonie Belge, yaani koloni la Ubelgiji, hufanya kinyume. Katika zile zilizochorwa na Tshibumba Kanda-Matulu, mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anainua fimbo, Mbelgiji anasimamia, bendera iko juu. Kila mmoja ana kazi yake na hakuna anayejali kama tupo. Picha inasomwa kutoka mtu hadi mtu, na mgeni anageuzwa shahidi. Ukiwa na wazee nyumbani, nunua hii, kwani itawafungua midomo.

Lakini mimi ningechagua tablo iitwayo Inakale. Mtu amekwama mtini: simba yuko nchi kavu, mamba yuko majini, nyoka anashuka tawini. Tazama jinsi mistari inavyofanya kazi. Kila mnyama anatoka upande wake, na vichwa vyote vinaelekea mwili mmoja. Penye nafasi ya kukimbilia tayari pana meno. Wala mchoraji hatuambii nani atashinda. Akiongeza mtumbwi wa kuokoa kwenye kona, tablo imekufa, maana mkazo wote umevujia pale.

Fizi haihitaji maelezo ya picha hii. Watu waliokimbia vita vya 1996 na 1998, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, Tanzania, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, walikuwa na risasi nyuma na mawimbi mbele. Hata hivyo tablo haimlazimishi mtu kusimulia yake. Inampa simba wa kuzungumzia kwanza, na hiyo ni heshima kubwa kwa mgeni.

Ningeitundika chini kidogo, usawa wa macho ya aliyeketi, ikikabili kiti chake na si mlango. Anayepita mlangoni huona simba, basi. Aliyekaa hupata muda wa kuupanda mti ule pole pole, hadi amfikie nyoka.