Fundi wa Viyoyozi wa Pwani

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto la chumbani na kulitupa nje. Gesi hulinyonya ndani, kompresa huisukuma gesi hiyo, na koili ya nje hulitoa. Fundi wa viyoyozi huilinda safari hiyo, na katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam maadui zake ni wawili: vumbi na chumvi ya bahari.

Fundi huanza na chujio, ambalo mwenye nyumba angeweza kuliosha mwenyewe kila mwezi, lakini aghalabu haoshi. Hufuata koili ya ndani na bomba la kutolea maji. Likiziba kwa utando, maji hutiririka ukutani. Nje, mapezi membamba ya alumini ya koili huoshwa kwa maji yasiyo na kasi, maana mapezi yakipinda hewa haipiti. Kepasita na nyaya zilizoliwa na kutu hukaguliwa umeme ukiwa umezimwa.

Kwenye gesi ndipo fundi hodari anapostahili pongezi. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli; ikipungua, imevuja. Fundi huyo hutafuta tundu kwa povu la sabuni, huliziba, huondoa hewa na unyevu kwa pampu, ndipo hujaza gesi kwa kuipima kwenye mizani. Anayeongeza tu kila mwaka anauza hewa. Aina za gesi nazo hubadilika: R-22 inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na R-32 iliyomo katika mashine nyingi mpya huweza kushika moto. Hivyo hata fundi mkongwe hulazimika kurudi darasani.