Daftari Lililofunguliwa

Mtunza sanduku wa chama cha akiba akisimama mkutanoni na kusema: «Fedha zimepungua, mwaka huu hakuna kugawa», watu watajibu nini? Hawataanza kumtukana, wala hawatamwamini bure. Watasema: «Lete daftari, tuhesabu pamoja.» Na mtunza sanduku mwenye haki hakasiriki kwa neno hilo.

Kwa desturi hiyo hiyo twataka leo kupima maandiko ya wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff. Yalitoka mwaka 2010 katika gazeti la wasomi liitwalo American Economic Review, yakaitwa «Growth in a Time of Debt», maana yake, kukua kwa uchumi wakati wa deni. Ni kurasa chache tu, lakini zilisomwa na wakubwa wa serikali nyingi. Daftari lenyewe la hesabu lilifunguliwa na mtu mwingine mwaka 2013. Miaka mitatu ilikwisha kupita.

Tuanze na sifa, maana yafaa kumpa kila mtu haki yake. Wataalamu hao walifanya kazi ngumu ambayo wengi huikimbia, yaani kukusanya takwimu za nchi mbalimbali na kuziunganisha. Nchi moja hubadili fedha yake, nyingine hubadili mipaka, nyingine ina vita na vitabu vyake vina mapengo. Kuziweka zote katika safu moja, ili mwaka wa huku ulingane na mwaka wa kule, ni kazi ya uvumilivu na ya macho makali. Katika kitabu chao cha mwaka 2009 walikusanya habari za nchi 66, za karne nane. Asiyejaribu kazi ya namna hiyo asiidharau.

Sasa, maandiko ya mwaka 2010 yalisema nini? Walitazama nchi 20 za kitajiri, tangu mwaka 1946 mpaka 2009. Wakagawa miaka katika mafungu manne, kwa kulinganisha deni la serikali na pato la taifa la mwaka. Katika mafungu matatu ya kwanza uchumi ulikua vizuri. Katika fungu la nne, deni lilipopita 90 kwa mia ya pato, wastani wa kukua ukaanguka chini ya sifuri, 0.1 kwa mia kwenda nyuma. Basi ikaonekana kama kando ya mto kuna genge: ukipita hapo, unaanguka.

Neno hilo likaenda mbali. Olli Rehn, mkubwa wa mambo ya uchumi katika Kamisheni ya Ulaya, alilitaja. Paul Ryan wa bunge la Marekani alilitia katika mpango wake wa fedha za serikali. Hatusemi kwamba kurasa hizo peke yake ndizo zilizofanya serikali zipunguze matumizi. Taabu ya deni la Ugriki ilikwisha kuanza. Lakini mtu akitaka kupunguza mishahara ya waalimu au fedha za hospitali, ni faida kubwa kwake kuweza kusema: «Elimu imethibitisha.»

Ndipo alipotokea mwanafunzi, Thomas Herndon, wa chuo kikuu cha Massachusetts huko Amherst. Alipewa kazi ya shule: kuchagua maandiko ya wataalamu na kuyahesabu upya. Akahesabu, asipate jibu lile. Akarudia, bado. Mwishowe akawaandikia wenyewe, nao wakampa daftari lao la kompyuta. Twasema wazi kwamba kwa tendo hilo walifanya vema. Akafungua, akaona katika safu moja hesabu ilikomea mapema. Nchi tano, yaani Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, ziliachwa nje kwa kosa. Mwezi wa Aprili 2013, pamoja na waalimu wake Michael Ash na Robert Pollin, akayatangaza hayo, na dunia ikacheka.

Hapa ndipo sisi twatofautiana na wachekaji. Walicheka mahali pasipo na uzito. Kosa lile la safu, likihesabiwa peke yake, lilibadili jibu kwa 0.3 tu kwa mia. Kila anayeandika hesabu aweza kuruka mstari. Jambo kubwa lilikuwa mizani.

Tutazame. Uingereza ilikaa miaka 19 katika fungu la deni kubwa, na uchumi wake ukakua wastani wa 2.4 kwa mia kila mwaka. Nyuzilandi katika hesabu yao ilikuwa na mwaka mmoja tu katika fungu hilo, mwaka 1951, uchumi ulipoanguka 7.6 kwa mia. Basi, miaka 19 ya Uingereza ilipewa uzito mmoja, na mwaka ule mmoja wa Nyuzilandi ukapewa uzito ule ule. Tena miaka ya Nyuzilandi tangu 1946 mpaka 1949 haikuingizwa. Ikiingizwa, miaka yake yote mitano ya deni kubwa yatoa wastani wa kukua 2.6 kwa mia. Herndon na wenzake waliposahihisha yote, fungu la nne likawa na wastani wa 2.2 kwa mia kwenda mbele. Genge likatoweka, ukabaki mteremko.

Wataalamu walijibu. Walikubali kosa la safu. Kwa habari ya miaka ya Nyuzilandi, walisema takwimu zake zilikuwa bado kukamilika wakati ule. Mizani yao waliitetea, wasitake nchi moja yenye miaka mingi imeze nyingine. Neno hilo lina maana, wala si la kudharauliwa. Na kweli, hata katika hesabu mpya, nchi zenye deni kubwa zilikua polepole zaidi: 2.2, na fungu lililotangulia 3.2. Lakini linabaki swali ambalo hakuna wastani unaoweza kulijibu. Mgonjwa hukopa, je, deni ndilo lililomtia ugonjwa, au ugonjwa ndio uliomtia deni?

Lawama yetu basi ni hii. Uchaguzi wa mizani waweza kuwa mzuri au mbaya, lakini msomaji wa kurasa zile hakuweza kuupima. Aliona jibu, hakuona njia. Kosa la kuruka mstari hutokea hata kwa mwenye bidii. Ni daftari lililofungwa lililolipa kosa hilo maisha ya miaka mitatu. Herndon na wenzake waliweka wazi takwimu zao na hesabu zao, hata anayewashuku wao aweza kuwasahihisha. Huko ndiko kuheshimu msomaji. Chama cha wachumi wa Marekani nacho kiliweka sheria mwaka 2019, kwamba takwimu na hesabu zikaguliwe kabla ya maandiko kutoka katika magazeti yake. Kwa upande wetu, sheria hiyo yazidi faida ya vicheko vyote.

Na sisi wa Kongo, neno la deni si geni kwetu. Mwezi wa Julai 2010, mwaka ule ule wa maandiko hayo, nchi yetu ilisamehewa deni la dola miliyari 12 hivi. Kabla ya msamaha na baada yake, hesabu nyingi husomwa juu yetu na watu wa mbali, na mara nyingi sisi husikia jibu la mwisho tu. Tusidhani kwamba hesabu ni jambo la wakubwa peke yao. Aliyefungua daftari lile alikuwa mwanafunzi, na silaha yake ilikuwa kuhesabu tena bila haraka, na kuomba kwa adabu. Tukisikia kesho namba ya kutisha au ya kufurahisha, tuulize kama watu wa chama cha akiba: Nani amehesabu? Ameweka nini katika mizani, na ameacha nini? Na daftari liko wapi?