Nyuki wa Liti na Pombe ya Myombekere

Wenzetu wengi wakisikia kwamba mwandishi amefanya utafiti, hudhani amekusanya mila nyingi na kuzibandika kwenye hadithi ili ionekane ya Kiafrika. Hayo ni mapambo tu, bwana. Utafiti wa msanii hupimwa kwa swali moja: je, kile alichokichunguza kinamtia mhusika taabuni, au kinamtoa?

Tumwangalie Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Katika riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, anaeleza kirefu utengenezaji wa pombe ya ndizi. Msomaji mwenye haraka atalalamika kuwa riwaya imegeuka kitabu cha mila. Lakini pombe ile ni faini: Myombekere asipoipeleka kwa wakwe zake, mke harudi. Kwa hiyo ndizi zinapoivishwa, ndoa nayo inangojea. Hapo fani na maudhui vimeshikana.

Sasa tuje kwetu Singida. Nani kwetu hajasikia habari za Liti, yule mama wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwapiga Wajerumani kwa nyuki, na ambaye jina lake limepewa uwanja wa mpira mjini? Anayetaka kumwandikia riwaya asiishie kusema eti nyuki walitumwa wakaenda. Amwendee mrina asali. Ataambiwa kwamba mizinga ya jadi hurinwa usiku, kwa moshi, maana mchana wa jua kali nyuki hawashikiki. Basi Liti aliwangoja maadui saa ngapi? Watu wake wenyewe walijikingaje? Maswali hayo ndiyo yatakayomzalia hadithi.

Tena kazi haiishii kwa mrina asali. Kitereza alimaliza mswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981, kabla kitabu hakijamfikia mkononi. Miaka 35 mswada unangoja!

Sisi tunaoandika leo tuna wazee wa Kinyaturu na Kinyiramba ambao hawatangoja kiasi hicho. Kwa hiyo mswada wa Liti ukishaandikwa, usomwe kwa sauti mbele ya wale wale waliosimulia, waukosoe, ndipo upelekwe kwa mhariri. Mhariri atanyoosha sentensi. Mambo ya mizinga, ni wao watakaoyanyoosha.